Fundi bati wa Mtwara anaiweza ndege ya kuunga, nimeingia kiwandani Joburg na nimerushwa angani, tubishane

#1 SpeaChikongola

Wakuu salaam. Mi ni mtu wa spea za pikipiki hapa Chikongola, wengi mnanijua. Mwezi uliopita nilikuwa Joburg kufuata mzigo, shemeji yangu yuko kule miaka mingi na bosi wake ana hela zake, anataka ndege. Sio ya kununua ikiwa nzima, ile ya kununua vipande unaunga mwenyewe, wao wanaiita ya kiti. Siku wanaenda kiwandani kuiona na kurushwa kulikuwa na nafasi kwenye gari, nikadandia.

Asikudanganye mtu kwamba kiwanda cha ndege ni moshi na mitambo mirefu. Ni magodauni tu kando ya kiwanja kidogo kinaitwa Tedderfield, kusini ya jiji, kiwanda chenyewe cha ndege za Sling. Shiti za alminiamu zinaingia bapa upande mmoja, mashine ya kompyuta inakata na kutoboa, zikitoka kila kipande kina matundu yake tayari. Unachukua ubavu wa bawa unauweka kwenye ngozi ya bawa, matundu yanaangaliana kama vifungo na vishikizo vya shati. Wanabana kwanza na vidude vya springi vinaitwa kleko, bawa zima linasimama miba kama nungunungu, halafu wanatoa kimoja wanaweka riveti, ta! ta! ta! Na riveti ni zile za kuvuta, hizihizi anazopiga fundi anayetengeneza matranka ya wanafunzi wa bweni. Nilimwona dada mmoja kapiga mstari mzima huku anasimulia mambo ya harusi ya mdogo wake.

Sasa kurushwa. Kabla ya kuwasha rubani alifanya kitu mpaka leo sijaelewa. Alishika pangaboi la mbele kwa mkono akawa anazungusha taratibu, raundi mbili, tano, kumi, sikio kalitega kwenye injini kama mganga anasikiliza kibuyu, mara injini ikacheua, gluu! Akacheka, akachomoa kijiti cha oili akaangalia akasema haya twendeni. Mwenye kujua aniambie ile ni nini.

Milango inafunguka kwenda juu. Nilikaa nyuma. Akasukuma moto, nikaona mguu wake wa kulia unakandamiza pedeli kwa nguvu maana pua inataka kwenda kushoto, na kabla sijamaliza bismillahi tuko juu, chini naona vile vilima vya njano vya mchanga wa migodi ya dhahabu. Tulipotua wakabadilishana viti nikaenda mbele raundi ya pili, akaniachia fimbo kama dakika tano. Niliishika kama hendeli ya bajaji, ndege ikawa inapanda inashuka kama mtumbwi kwenye mkondo. Akaniambia vidole viwili tu. Nikashika kwa vidole viwili, ikatulia yenyewe. Mwisho akapunguza mafuta kabisa akainua pua juu, ndege ikaanza kutetemeka mwili mzima, hapo nilisoma Ayatul Kursi mpaka akashusha pua ikakaa sawa.

Hoja yangu ni moja. Kazi niliyoiona kule fundi bati wa Mtwara anaiweza. Sasa kwa nini hatuna hata moja? Karibuni.

#2 KijiweBima

Ndege ya kiti ndo ipi tena, kila ndege si ina viti 😂 au hii unapewa kiti halafu ndege unajitafutia

#3 SpeaChikongola

@KijiweBima nilijua tu wewe ndo utaanza. Kiti ni furushi lote la vipande, mkia siku hii, mabawa siku ile, unalipa kwa awamu. Viti vya kukalia unavifunga mwishoni.

#4 MchingaMoja

Sisi Lindi tumekaa tunawaangalia. Watu wa Mtwara mkipanda kitu kimoja tu basi mji mzima lazima ujue. Ila swali zuri. Mi jibu langu fupi: hela. Injini peke yake ya hizo ndege ni dola elfu 30 na kupanda, hapo ni bodaboda zaidi ya 20. Nani Mtwara anaweka bodaboda 20 kwenye pua ya ndege?

#5 fundi_Ligula

Mi ndo fundi bati mnayemzungumzia. Natengeneza matranka, makarai, majiko, milango ya alminiamu, mwaka wa 14 huu. Nimesoma post ya kwanza mara mbili. Kama matundu yanakuja tayari hiyo sio kazi ya fundi hiyo ni kazi ya mtoto. Kazi ya fundi ni kutoboa. Asante mkuu kwa heshima ulotupa lakini umetushusha.

Ile ya kuzungusha pangaboi anaangalia kompresheni, kama tunavyofanya kwenye jenereta, ukizungusha ukakuta sehemu laini ujue ringi zimekwisha.

#6 NahodhaShangani

Fundi heshima yako, lakini ile ni kupasha oili. Injini imelala usiku kucha, Joburg kuna baridi, unazungusha oili ipande juu ndo unawasha. Hata injini ya boti ikikaa siku nyingi naizungusha kwa kamba kwanza.

Kuhusu swali, mi nna kisa. Mimi na shemeji yangu tuliunga boti ya faiba uani kwake Magomeni ya hapa Mtwara, tulinunua bodi ikiwa tupu, tukafunga kila kitu wenyewe. Kwenye kufunga mabano ya injini tulitoboa tundu la boliti likawa limekwenda pembeni, tukatoboa tena jirani yake, matundu mawili yakaungana yakawa moja pana. Tukaweka washa kubwa na silikoni nyingi, kwa macho ilikuwa safi kabisa, tukapiga na rangi. Siku ya kwanza tumefika katikati kuelekea Msangamkuu injini ikaanza kucheza, silikoni ikaachia, maji hayoo. Tulichota kwa sufuria ya wali tuliyobeba, wali tukaumwaga baharini, mpaka tukafika. Leo shemeji akila wali ananiangalia tu.

Sasa niambieni hiyo sufuria huko juu utachota nini.

#7 KijiweBima

Wali ulikuwa wa nazi?

#8 NahodhaShangani

Na samaki. Usinikumbushe.

#9 MwalimuNewala

Habari zenu. Naongeza mawili. Moja, kuunga ndege nyumbani sio kitu cha ajabu duniani, Marekani kuna sheria watu wanaiita asilimia 51, yani zaidi ya nusu ya kazi lazima iwe imefanywa na watu wanaojiundia wenyewe, sio kiwanda, ndo isajiliwe kama ndege ya kujiundia. Ndo maana kiwanda kinatoboa matundu lakini hakiungi chote, wakiunga chote inakuwa ndege ya kiwandani na masharti yake ni mengine, gharama nyingine. Kwa hiyo @fundi_Ligula hawajakushusha, wamekuachia nusu kwa makusudi.

Pili, hicho kiwanda alichoenda mtoa mada, mwaka 2019 vijana 20 wa Afrika Kusini, wasichana na wavulana, waliunga Sling 4 kwa wiki kama tatu halafu wakaipeleka kutoka Cape Town hadi Cairo. Mmoja wa marubani binti wa miaka 17. Na njiani walitua Zanzibar. Wanafunzi wangu nikiwahadithia wanadhani natunga.

#10 MchingaMoja

Wiki tatu? Mwalimu hapo umeongopewa, watu huwa wanakaa na hizo ndege gereji miaka mitatu minne.

#11 MwalimuNewala

Piga hesabu ndugu yangu. Watu 20, siku 21, saa 8 kwa siku, hizo ni saa 3,360. Mtu mmoja anayefanya jioni saa mbili mbili baada ya kazi atamaliza hizo saa kwa miaka minne na nusu. Mzigo ni uleule, mikono ndo imezidi.

#12 MchingaMoja

Haya mwalimu nimekaa.

#13 KarakanaDar

Nimekaa kwenye karakana za ndege miaka sita, kwetu Tandahimba. Naomba nirekebishe vitu kabla uzi haujaharibika.

Ile gluu. Sio kompresheni wala sio kupasha oili, japo ukizungusha kompresheni unaisikia mkononi kweli. Hizo ndege zinatumia injini za Rotax za Austria. Oili yake haikai chini ya injini kama gari, ina tangi lake pembeni. Injini ikizimwa oili nyingine inabaki ndani ya injini, ukipima kijiti kwenye tangi utaona pungufu, utaongeza, halafu utakuwa umezidisha. Ukizungusha pangaboi kwa mkono upepo unaopenya kwenye ringi unasukuma ile oili irudi tangini, ikishaisha unapita upepo mtupu ndo unasikia injini inacheua. Hapo ndo unapima. Na unazungusha upande mmoja tu, ule wa mzunguko wake, ukirudisha kinyume unaweza kuingiza hewa kwenye njia ya oili. Na kabla hujashika pangaboi unahakikisha swichi zimezimwa zote, kuna watu wamepoteza mikono hivyo.

Riveti. Mkuu wa spea hapo umechapia. Umbo ni lilelile la kuvuta, lakini za ndege zina daraja lake na karatasi zake, unajua imetoka wapi na inabeba uzito gani. Zile za dukani kwetu za pakiti nyeupe hakuna anayejua ndani ni chuma gani. Na alminiamu ni hivyohivyo, ile ni aina inayoitwa 6061 iliyokomazwa kwa joto, sio ya sufuria.

Na boti mnasema mnaunga tu uani. Hata chombo cha baharini kinatakiwa kukaguliwa na TASAC, wasimamizi wa vyombo vya majini, ila watu ndo hamkipeleki 😀 @NahodhaShangani sikusemi wewe.

#14 NahodhaShangani

Umenisema. Ila ya gluu nimeelewa, ahsante.

#15 fundi_Ligula

Ringi nilizitaja mimi wa kwanza, naomba iandikwe.

#16 BintiKikwetu

Mi naona tatizo sio hela wala ufundi. Tatizo ni mafuta. Ndege inakula mafuta yake maalum, huku kusini utayapata wapi? Utaunga ndege uikalie uani kuku walale juu yake.

#17 KarakanaDar

Hapana, hizo Rotax zinakunywa petroli ya gari, wanataka okteni 95, yani kipimo cha petroli kutolipuka kabla ya wakati wake. Ndo uzuri wake.

#18 KijiweBima

Kwa hiyo naweka ya kwenye chupa ya maji pale barabarani, lita moja moja mpaka Dar

#19 BintiKikwetu

Kaka umesema okteni 95 halafu umenyamaza. Ya sheli ya hapa ina ngapi kila siku ya mwaka? Imekaa muda gani kwenye pipa? Na joto hili la Lindi? Shangazi yangu ana gari linakohoa kila akijaza sehemu fulani siitaji, sasa huko juu ikikohoa.

#20 KarakanaDar

Hapo una hoja. Unachuja, unapima, huchukui ya chupa. Ila bado naona sio sababu ya kwanza. Sababu ya kwanza ni saini. Kwenye karakana kila boliti inayokazwa kwa kipimo kuna mtu anaandika jina lake, tarehe, na mwingine anakuja kuangalia nyuma yake. Huyo wa pili ndo hatuna huku. Ukiunga ndege Ligula nani atakuja kuangalia kabla hujafunga ngozi ya bawa? Maana ukishafunga ndani haonekani mtu. Lazima TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, waje au mtu wanayemkubali, ndo upewe namba ya 5H, ile ya usajili wa ndege za Tanzania.

#21 MchingaMoja

Kumbe basi ni sheria. Hakuna ndege inayoungwa Tanzania kwa sababu ya sheria. Tufunge uzi.

#22 MwalimuNewala

Usifunge. Morogoro kuna kampuni inaunga Skyleader, ndege ndogo za watu wawili, asili yake Jamhuri ya Czech. Vijana wa Kitanzania wanaziunga palepale. Kwa hiyo sheria ipo na njia ipo.

#23 SpeaChikongola

Hii sikuijua aisee. Yani nimekwenda mpaka Joburg kumbe Moro hapo.

#24 KijiweBima

Ungepanda basi tu la Msamvu, ukashuka na machungwa

#25 BintiKikwetu

Ile ni kampuni mwalimu, sio mtu uani kwake. Mtoa mada ameuliza fundi bati.

#26 Mzee_wa_Nachingwea

Wanangu, nimewasoma kimya. Mimi nimezaliwa Nachingwea, baba alikuwa kibarua wa skimu ya karanga ya Waingereza, ile iliyoanza 1947 ikafa 1951. Mnasema kuunga kama kitu kipya. Waingereza walichukua vifaru vya vita vya Sherman wakavigeuza matrekta, yakaitwa Shervick, kung'olea visiki. Chuma cha vita kikawa jembe. Bandari ya Mtwara, reli ya kwenda Nachingwea, kiwanja cha ndege, yote kwa ajili ya karanga, na karanga hazikustawi. Reli ikang'olewa miaka ya sitini. Baba aliondoka na kipande cha bati la godauni, alikitengenezea ndoo, ndoo ile nimeogea mimi.

Kwa hiyo mtu wa kusini kuunga vitu anajua. Ila vipande tulivyopewa sisi vilikuwa vya watu wengine kwa kazi zao.

#27 fundi_Ligula

Shikamoo mzee. Hiyo ndoo bado ipo?

#28 Mzee_wa_Nachingwea

Marahaba. Imetoboka chini, mama wa watoto kaotesha mchaichai.

#29 KoroshoNgumu

Nimechelewa lakini nipo. Wakuu mnaongelea kupanda kwa starehe, mi nawaza mikorosho. Kila mwaka mwezi wa sita tunahangaika na ugonjwa wa ubwiri unga, unabeba mashine ya kupulizia mgongoni unapuliza salfa chini ya mkorosho mmoja mmoja, macho yanawaka wiki nzima. Sasa tukiwa na ndege kama hiyo chama chetu kinaweza kununua, tunakatwa kidogo kidogo kwenye korosho kama tunavyokatwa vingine.

#30 KarakanaDar

Ndege ya kujiundia kwa kawaida hairuhusiwi kufanya biashara ya hivyo mkuu. Na ile haijaundwa kubeba unga. Kwa kupulizia angalia droni.

#31 KoroshoNgumu

Na mkorosho salfa inatakiwa iingie ndani kwenye maua, kutoka juu itakaa kwenye majani. Haya nimeghairi. Ila kukatwa tutakatwa tu.

#32 NahodhaShangani

Mi narudi kwenye kitu kimoja alisema mtoa mada, pua kuvuta kushoto. Boti yenye pangaboi moja nayo inavuta upande, hasa ukirudi nyuma. Kwa hiyo hapo ni pangaboi linakanyaga hewa kama linavyokanyaga maji.

#33 fundi_Ligula

Hapana hiyo ni injini inataka kuzunguka kinyume na pangaboi. Shika drili kubwa uiwashe ghafla, mkono unakwenda upande. Pangaboi linakwenda kulia mwili unakwenda kushoto.

#34 KarakanaDar

Nyote mna kipande. Kuna upepo wa pangaboi unaojisokota kuzunguka mwili na kupiga mkia upande mmoja, kuna huo msukumo wa drili, na pua ikiwa imeinuka lile jani linaloshuka upande wa kulia linang'ata hewa zaidi kuliko linalopanda upande wa kushoto. Ipi inazidi nyingine, marubani wenyewe wakikutana wanabishana mpaka chai inapoa.

#35 MchingaMoja

Labda tairi ya kushoto ilikuwa na upepo mdogo

#36 SpeaChikongola

Na kitu kingine niliambiwa. Joburg iko juu sana, mita 1,600 hivi kutoka usawa wa bahari, hewa nyepesi, ndege inahitaji kukimbia zaidi ndo ipae. Ile niliyopanda ina turbo, nguvu za farasi 141, haikuhisi sana. Rubani akasema ukiileta kwenu pwani itapaa kama imetupwa. Nikawaza kiwanja chetu cha mita 2,800 hicho, hii ndege ingepaa ikatua ikapaa tena ikatua tena na barabara ikabaki.

#37 BintiKikwetu

Joto nalo linapunguza hewa, usisahau. Mtwara mwezi wa kumi na mbili saa nane mchana sio sawa na asubuhi. Na chumvi. Nyie wote mmesahau chumvi. Nyumba yetu nondo za dirishani tumebadilisha mara mbili. Alminiamu na boliti ya chuma vikishikana kwenye chumvi vinakulana.

#38 NahodhaShangani

Hapo binti umegonga. Hiyo nakubali kuliko hela, kuliko sheria, kuliko mafuta.

#39 MchingaMoja

Mbona za Air Tanzania zinatua kila siku hazijaoza?

#40 BintiKikwetu

Zinatua zinaondoka. Hazilali Shangani mwaka mzima chini ya mwembe.

#41 KarakanaDar

Zinapakwa dawa ndani kabla ya kuungwa, zinaoshwa maji yasiyo na chumvi. Inawezekana. Kazi tu.

Halafu kuna jambo la matundu naomba nilimalize, maana fundi kasema ni kazi ya mtoto. Van's Aircraft wa Oregon kule Marekani, tangu 1973 wanauza viti vya ndege, za kwao zilizokwisha kuruka zimepita 11,000, hao ndo wakubwa wa kazi hii. Wakahamisha sehemu ya utoboaji kutoka mashine ya kugonga kwenda kwenye leza ili waende na oda. Matundu mengine ya leza yakawa yakikandamizwa kuweka kichwa cha riveti yanaanza ufa mdogo pembeni. Ufa wa ukucha. Ikawa kubadilisha vipande vya watu wengi, na pamoja na matatizo mengine Desemba 2023 wakaenda mahakamani kuomba kinga dhidi ya wadai, baadaye wakatoka wakaendelea. Tundu hilo.

#42 KijiweBima

Kwa hiyo hata wazungu na leza yao wanachapia tundu, fundi wetu na drili ya kukopa hatasamehewa?

#43 fundi_Ligula

Drili ni yangu.

#44 SpeaChikongola

Sasa sikilizeni. Mi nilipewa kipande cha mabaki kule kiwandani, kinaitwa kumbukumbu, ukanda wa alminiamu urefu kama wa mkono mpaka kiwiko, una matundu 20 mstari mmoja. Upo dukani nimeutundika juu ya tairi za bodaboda. @fundi_Ligula njoo uuchukue. Tengeneza wa pili kwa futi yako na drili yako, tuweke moja juu ya nyingine. Misumari ikipita yote 20 mi nanunua pweza kwa uzi mzima.

#45 fundi_Ligula

Kesho baada ya adhuhuri.

#46 NahodhaShangani

Mi nakuja kama shahidi. Nakuja na sufuria 😂

#47 MchingaMoja

Lindi tunataka picha, hatuamini maneno ya Mtwara.

#48 SpeaChikongola

Matokeo. Picha nitaweka intaneti ikikaa sawa, simu hapa inazunguka tu.

Fundi alikuja na futi ya chuma, penseli, sindano ya kuchorea na drili. Alikaa kwenye benchi la mbele la duka, watu wakajaa mpaka mteja wa cheni akashindwa kupita. Akachora mstari, akapima tundu moja moja, akagonga alama kwa senta panchi, akatoboa. Hakuharakisha, jasho linamdondoka kwenye alminiamu analifuta kwa kiganja. Tukaweka moja juu ya nyingine. Tundu la kwanza msumari ukapita. La pili, la tatu mpaka la nane safi kabisa, watu wakaanza kupiga vigelegele. La tisa ukapita kwa kusukuma. La kumi na moja ukaingia nusu. La kumi na nne ukiangalia kwenye mwanga unaona mwezi mwandamo. La ishirini tundu halionekani kabisa, ni bati tupu.

#49 MchingaMoja

Kuchele 😂😂😂

#50 fundi_Ligula

Naomba niseme maana mtoa mada kasimulia nusu. Kosa la kupima kutoka tundu hadi tundu linajumlishana, unyoya kwa unyoya. Nilipaswa kupima yote kutoka mwanzo, hilo najua, nilibabaika na watu. Halafu baada ya hapo nilichukua bati lingine, nikaweka ukanda wa kiwandani juu yake, nikabana kwa klampu, nikatoboa kupitia matundu yao. Misumari 20 ikapita kama inaingia kwenye siagi. Mbona hilo hulisemi?

#51 SpeaChikongola

Hilo nalo ni kweli, ila umetumia ya kwao kama kielelezo.

#52 MwalimuNewala

Na watu wa zamani ndo walikuwa wanafanya hivyohivyo. Ndege za kuunga za mwanzo hazikuja na matundu, ulikuwa unatengeneza fremu ya kubania, unaweka ngozi juu ya mbavu unatoboa vyote pamoja. Zikaruka. Kwa hiyo fundi hajashindwa, karudi tu miaka ya themanini.

#53 KarakanaDar

Tundu lililopita msumari sio tundu lililokubaliwa. Pembeni yake kuna kingo kali, zinatakiwa kulainishwa, au ufa unaanzia hapo. Fundi ulilainisha?

#54 fundi_Ligula

Nililainisha. Kwa drili kubwa zaidi, kwa mkono, bila umeme. Njoo upitishe kidole.

#55 KarakanaDar

Nitakuja Idi, nitapitisha kidole.

#56 BintiKikwetu

Mkimaliza mwacheni huo ukanda nje ya duka mpaka masika iishe, tuone chumvi itasemaje.

#57 NahodhaShangani

Pweza vipi? Alishinda au alishindwa? Mi nimekaa na sufuria hapa.

#58 SpeaChikongola

Kashindwa.

#59 fundi_Ligula

Nimeshinda ukanda wa pili.

#60 KijiweBima

Nunueni nusu pweza, mikono minne minne. Na mtu alete ming'oko, hii ya kula pweza mkavu mi siwezi.